Mwanangu analala na sweta la shule ili basi lisimwache

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kike ana miaka saba, yuko darasa la pili. Wa kiume ana mitano, Januari anaanza awali. Tunaishi Kibamba, Dar es Salaam, ndani kama kilomita mbili kutoka Barabara ya Morogoro. Ni kwetu, hatupangi tena. Tulijenga kidogo kidogo, tukahamia nyumba haijapigwa plasta ya nje wala dari, lakini siku narudisha funguo za vyumba tulivyopanga Sinza nilitembea kifua mbele.

Shida ni shule. Tulipokuwa Sinza, mkubwa alianza chekechea kwenye shule ya Kiingereza jirani na tulipokaa. Tulipohama sikutaka kumtoa. Amewazoea walimu, anafanya vizuri, na shule ina basi linalofika mpaka huku. Nikaona yameisha.

Anti, basi linamchukua saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Sisi ndio mwisho wa ruti, kwa hiyo tunachukuliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho. Likitoka kwetu linazunguka Mbezi, linashuka Kimara kwenye saa kumi na mbili, ndipo liingie mjini. Jioni linamshusha saa kumi na mbili, siku ya foleni hata saa moja. Akila na kufanya kazi za shule, saa tatu na nusu ndiyo anapanda kitandani. Mvua ikinyesha korongo la mtaani kwetu linajaa, basi haliingii. Hapo dada wa kazi anamtoa kwa bodaboda mpaka lami, giza totoro.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Ijumaa moja muhula huu, dada alisimama pale kwenye kona ya duka akimsubiri, basi halikuja. Saa moja ikapita. Akanipigia, mimi niko kituoni Kimara nagombania gari. Nampigia dereva, simu haipokelewi. Nampigia mwalimu wa zamu, ananiambia watoto wote walishashushwa. Saa mbili na robo usiku analetwa na kijana kwa pikipiki, kashika viatu vyake mkononi. Alikuwa amelala kiti cha nyuma. Siku hiyo mlezi wa basi hakuwepo kazini, dereva akaenda kuegesha gari anakoegesha siku zote, na kijana anayeosha magari ndiye aliyemkuta. Nilipokwenda shuleni Jumatatu niliambiwa, "Mama, mtoto si amepatikana salama? Mshukuru Mungu."

Tangu siku hiyo mtoto halali kwenye basi. Anasema anaogopa kupitilizwa. Usiku nikimfunika nakuta ameshavaa sweta la shule na soksi. Nikimuuliza, ananiambia, "Ili nisichelewe, mama."

Baba watoto ni mtumishi wa serikali, ofisi yao ilihamia Dodoma. Anakuja na treni mara moja kwa mwezi, anafika Ijumaa usiku, Jumapili mchana anarudi. Nilipomweleza alikasirika sana. Msimamo wake ni kwamba mtoto apelekwe bweni, amalize. Mama mkwe yuko Lushoto, naye anasema watoto wote wawili waende kwake, shule iko jirani na mabinamu wako huko. Alisema pia, na niliumia, kwamba wanawake wa mjini tunazaa watoto halafu wanalelewa na madereva. Dada yangu anasema tupangishe nyumba, turudi Sinza.

Mimi nafikiria shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na kwetu. Karibu kwa maana ya nusu saa kwa miguu, lakini iko ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, na hiyo barabara sasa hivi ni njia nane. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu kuwahi kazini Posta, kwa hiyo mwenye kuwavusha ni dada, ambaye mwenyewe ana miaka kumi na tisa. Na nitakuwa mkweli, Anti, nasikia watu watakavyosema: wamejenga wameishiwa, watoto wamerudishwa kayumba, shule za serikali.

Baba watoto anataka jibu kabla ya ada ya Januari. Sijui nishike lipi.

Mama Wawili, Kibamba

ANTI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole, na hongera ya nyumba. Plasta itakuja.

Barua yako ina mapendekezo manne, na kila moja lina mtu wake. Bweni ni la baba watoto, Lushoto ni la mama mkwe, Sinza ni la dada yako, shule ya ng'ambo ya barabara ni lako wewe. Binti yako naye ametoa lake, ila yeye hakutumia maneno. Mtoto wa miaka saba anayelala na sweta ameshajipa kazi ya kulinda muda wa basi, kazi ambayo ni ya watu wazima. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Wa kwako akilala saa tatu na nusu na kuamshwa saa kumi, anapata sita na nusu. Kwa hiyo lile la kulala kwenye basi halikuwa uzembe wake, na ningependa alisikie hilo kutoka kinywani mwako.

Kabla ya mambo ya shule, naomba nikurudishe kwenye ile Ijumaa. Tangu basi limalize ruti mpaka saa mbili na robo, mwanao alikuwa na watu wazima usiowajua, kwenye uwanja usioujua, kisha akapakiwa pikipiki usiku. Huenda yule kijana ni mtu mwema kuliko wote kwenye kisa hiki, na inaelekea ndivyo. Hata hivyo, je, umeshakaa na mtoto, bila haraka na bila sauti ya polisi, akakusimulia mwenyewe ilikuwaje? Siku mnapoosha vyombo au unapomsuka, mwache aanzie anapotaka, usimwekee maneno mdomoni. Ukisikia lolote la kukutia shaka, kuna simu ya bure ya kusaidia watoto, 116, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Usipolisikia, utakuwa umempa nafasi ya kutua mzigo.

Na shule, kwa heshima zote, haijakujibu. Mtoto kupatikana hakuelezi kwa nini alipotea. Andika barua, ubaki na nakala, uulize mambo mepesi tu. Nani anaweka alama mtoto anapopanda na anaposhuka? Mlezi asipokuja, nani anachukua nafasi yake, au basi linatoka hivyo hivyo? Dereva anatembea mpaka kiti cha nyuma kabla ya kufunga mlango? Gari lina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ya kubeba wanafunzi? Shule inayojali haitakasirika. Ikikasirika, umepata taarifa ambayo hukuwa nayo.

Sasa hilo la bweni. Hasira ya baba watoto naielewa: yuko mbali, amesikia mwanawe amesahaulika garini, anatafuta mahali penye ukuta na geti. Lakini kwa darasa la pili mlango huo umefungwa na serikali yenyewe. Waraka wa elimu wa mwaka 2023 ulizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Zipo shule zitakazokuambia "leta tu mtoto". Jiulize inayoanza kwa kukwepa waraka itakwepa nini kingine usiku ukiwa haupo. Akifika darasa la tano mnaweza kulifungua upya. Kwa sasa ningemweleza mumeo kwa upole kwamba wazo lake halikukataliwa na wewe.

Kuhusu basi lenyewe, naona umelichukua kama jambo la kuwa nalo au kuliacha kabisa. Hebu litazame vipande vipande. Hatari kubwa haiko Mbezi wala Kimara, gari likiwa limejaa watoto. Iko kwenye kipande cha kwanza na cha mwisho, mwanao akiwa peke yake na dereva, asubuhi giza na jioni giza, na kwenye ile safari ya bodaboda mvua ikinyesha. Wenzetu Kenya sheria yao hairuhusu kubeba wanafunzi kabla ya saa kumi na moja alfajiri wala baada ya saa nne usiku. Shule yenu ingekuwa chini ya sheria hiyo, basi lenu lingebadilishiwa ruti kesho.

Umesema wewe unatoka saa kumi na moja na nusu na unapita Kimara. Basi linafika Kimara kwenye saa kumi na mbili. Dakika mnapishana, najua, lakini zikisogezwa kidogo upande wako au upande wao, mtoto anaweza kutoka na mama yake na kupandia Kimara. Atapata karibu saa nzima ya usingizi, na kile kipande cha upweke cha asubuhi kinaisha. Ubaya wake nao upo. Daladala za asubuhi Mbezi unazijua kuliko mimi, konda akiona sare ya shule anageuza shingo kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi, itabidi umlipie ya mtu mzima ili akae. Bodaboda ya kutoka kwako hadi lami mtapanda wawili nyuma ya dereva, ambayo ndiyo mishikaki yenyewe tunayoilaumu kwa wengine. Labda bajaji ya mkataba, mkichangia na mzazi mwingine wa mtaani. Januari mtakuwa na mdogo pia, na huyo wa miaka mitano kumburuza Kimara kila alfajiri ni habari nyingine. Na jioni bado haijatatuliwa: anashuka wapi, anapokelewa na nani? Una mtu Kimara au Mbezi wa kumkalisha mpaka upite? Kama huyo mtu hayupo, mpango huu ni nusu.

Tuje kwenye shule ya serikali, ambako nadhani moyo wako uko, ila umeufunika na maneno ya watu. Hao watakaosema mmeishiwa, nani kati yao anaamka saa kumi kumvalisha mwanao viatu? Sidharau aibu yako. Aibu ni kitu cha kweli kabisa, na mtu akijenga mtaa mzima unamhesabia matofali. Lakini ukiiweka pembeni kidogo, unabaki na maswali mawili yaliyo na uzito: masomo na barabara.

Masomo: nenda shuleni siku ya kawaida, usiende siku ya mkutano. Hesabu watoto darasani, tazama vyoo, muulize mwalimu mkuu habari za uji na chakula cha mchana. Darasa linaweza kuwa na watoto wengi mno, na hilo si dogo kwa aliyezoea kuitwa jina lake. Lugha ya kufundishia itageuka kuwa Kiswahili. Kuhama darasa la pili ni rahisi kuliko kuhama la tatu mwishoni, upimaji wa darasa la nne ukiwa mlangoni. Ada hakuna, na ile mliyokuwa mnalipa pamoja na pesa ya basi vinaweza kumlipa mtu wa kumsomesha Kiingereza jioni. Mdogo naye angeanza hapo hapo bila kuhama kokote.

Barabara: hapa sitakutuliza. Upanuzi wa Kimara hadi Kibaha umetuondolea foleni na umetuletea mwendo. Alfajiri kuna mabasi ya mikoani yanayotoka stendi ya Magufuli, kuna malori ya Tunduma, na dereva aliyekesha haoni mtoto wa kimo kile. Kabla ya kuamua, itembee njia hiyo wewe na dada, saa ile ile watakayopita, pamoja na mtoto, kwa mwendo wake yeye. Mnavukia wapi? Pana kivuko cha juu karibu, au pundamilia tu? Magari yanasimama kweli au yanapiga honi? Kama kivuko cha juu kinaongeza dakika kumi na tano za kutembea, je, dada atakitumia siku mvua inanyesha na yeye kaacha jiko linawaka? Huwezi kumlaumu baadaye kwa kitu ambacho hukumfundisha wala kumlipa. Kuvusha watoto barabara ya njia nane ni kazi juu ya kazi zake, na ingefaa mshahara useme hivyo.

Lakini hamko peke yenu mnaovuka. Nina hakika mtaani kwenu kuna watoto wengine wanaokwenda shule hiyo. Watoto kumi wakiondoka pamoja, mtu mzima mbele na mwingine nyuma, wazazi wakipokezana zamu, gari husimama. Mtoto mmoja mwenye begi hulipisha magari subira ambayo hayana. Anza na mjumbe wako au mwenyekiti wa mtaa, anajua nani ana watoto. Na kivuko kinadaiwa, hakisubiriwi. Barabara ya Morogoro ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, barabara yenu ya ndani na lile korongo ni vya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kwa hiyo barua ya kamati ya shule iende mlango sahihi, isizungushwe. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la Amend lilianza miaka mingi nyuma kurekebisha mazingira ya shule za msingi kwa vitu vidogo: njia ya miguu, matuta, vibao vya mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kwingine geti la shule kuhamishiwa barabara ndogo. Kazi hiyo ikaja kupata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Nakutajia ili ujue kwamba ukiambiwa haiwezekani, imeshawezekana.

Lushoto. Yale maneno ya mama mkwe yalikuwa makali na yamekukaa, naona umeyanakili neno kwa neno. Ukiyaondoa makali, ndani yake kuna bibi anayetaka kulea wajukuu, na hiyo ni neema ambayo wengi hawana. Watoto watalala wanavyotakiwa, watakwenda shule na mabinamu. Watakukosa wewe, na baba yao ambaye tayari wanamwona mara moja kwa mwezi wataanza kumwona likizo. Kwa huyu mkubwa, aliyekwisha kusahaulika mara moja, kupelekwa mbali kunaweza kutafsiriwa kichwani mwake kama adhabu ya kulala kwenye basi. Mkifikiria njia hiyo, angalau waende kwanza likizo ya Desemba, muone anavyokaa, na bibi aone uzito wa watoto wawili kwa umri wake. Afya yake ikoje? Hukuniambia.

Kupanga tena Sinza ni hesabu tu, na hesabu unaiweza: kodi ya Kibamba nyumba ikiwa haina dari itafunika kodi ya Sinza kwa kiasi gani? Kama mtaongezea kila mwezi, plasta itasubiri mpaka watoto wamalize shule ya msingi. Wako wanaofanya hivyo na hawajuti. Usilikatae kwa sababu tu ulishatembea kifua mbele.

Nimesema mengi na sijakuchagulia, kwa sababu sijui dada yako wa kazi ni mtu wa aina gani, wala mwalimu mkuu wa ile shule, wala kama Kimara una shoga wa kumpokea mtoto. Hayo unayajua wewe, au utayajua ukienda kuuliza.

Kitu kimoja nimekiona kwenye barua yako ambacho huenda wewe umekizoea. Baba watoto anafika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili mchana. Maana yake hajawahi kuwepo nyumbani asubuhi ya shule. Anaamua kuhusu basi ambalo hajawahi kuliona likifika, na unamlaumu kimoyomoyo kwa kutoelewa giza ambalo hajawahi kulisimamia. Mwezi huu aombe ruhusa ya siku moja abaki Jumatatu. Saa kumi mwamshe yeye, amvue mtoto shuka akute lile sweta, amtoe mpaka kwenye kona, amkabidhi kwa dereva, amwangalie mlezi kama yupo. Akirudi ndani, dada akiwa anawasha jiko, mtembee naye mpaka barabarani pale pa kuvukia. Ya bweni, Lushoto na Sinza myazungumze siku hiyo, na treni ya Dodoma apande jioni.